Mbwa Aliyepelekwa kwa Miguu

Watu wa ploti yetu hapa Makongeni, Thika, wanamjua Mulei kama yule mzee wa mbwa, na wengi wao hawana habari kwamba siku hizi hana mbwa. Hivyo ndivyo tunavyojuana sasa. Mtu anaishi mlango wa pili kutoka kwako, mnatumia bomba moja na ngazi moja, na siku akifa mtaulizana kama ni yule wa kikohozi au ni yule wa redio. Mimi na Mulei tumekaa kwenye korido ya ghorofa ya nne miaka kadhaa, kwa sababu wote wawili tuliletwa hapa na watoto wetu, na wote wawili hatuwezi kulala mchana. Mengi ya haya alinieleza yeye. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, chini ya Kilimambogo, akaja Ruiru akiwa kijana kufanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa. Alikuwa mlinzi wa vitanda. Kahawa ikishatolewa maganda na kuoshwa huanikwa juu ya vitanda vya waya, na mlinzi hutembea katikati na mbwa wake, anafunika mvua ikija, anafunua jua likitoka. Upande wa mashine alikuwapo Gathogo, mtu wa huko milimani juu ya Gatanga. Mmoja Mkamba, mwingine Mkikuyu, walipika kwa sufuria moja na kuzungumza Kiswahili ambacho hakuna aliyewafundisha. Gathogo aliwapenda wale mbwa kuliko alivyoipenda kazi. Alipostaafu na kurudi kwao, alimwambia Mulei, "Siku utakayoshindwa na mbwa, niletee. Kwetu kuna nafasi."

Shamba likauzwa. Leo ukipita Ruiru, pale palipokuwa na vitanda pana maghorofa, na kilichoanikwa ni suruali za watu. Trekta zilipobomoa nyumba za wafanyakazi, Mulei alimkuta mtoto wa mbwa amelala kati ya mifuko ya simiti ya wajenzi, wa mwisho wa uzao ule aliokuwa akiufuga, kijivu kama mifuko yenyewe. Akamwita Simiti. Akaja naye Thika kwa binti yake Wavinya, anayeshona katika kiwanda cha nguo, anayeondoka kabla ya jua na kurudi baada yake. Wavinya alimpangia baba yake chumba kando ya chake. Ni mtoto mwema. Lakini wema wa mtu asiyeonekana nyumbani hauzungumzi na wewe mchana kutwa. Aliyezungumza na Mulei mchana kutwa ni Simiti.

Siku moja Byron, kijana anayesimamia ploti, akapanda ngazi na kusimama mlangoni kwa Mulei. Mimi nilikuwa pale kwenye stuli yangu.

"Guka, mimi sina shida na huyu mbwa," alisema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Lakini landilodi amesema hii ni nyumba ya watu. Mwezi ukiisha asimpate hapa."

"Na yule paka wa ghorofa ya pili?"

"Paka anakula panya. Huyu anakula nini?"

"Anakula ninachokula mimi."

"Basi mko tenanti wawili na mnalipa kama mmoja." Byron akacheka, kisha akapunguza sauti. "Mweke kwa gunia. Nitakutafutia mtu wa boda amwachilie huko Juja. Hataumia. Hatajua hata ameenda wapi."

Mulei aliinama akamkuna Simiti nyuma ya sikio, na Byron akashuka akipiga mluzi.

Kwao kina Mulei, mbwa hapewi mtu akiwa amefungwa, wala akiwa ndani ya gunia. Nilimwelewa, maana hata kwetu tulikuwa na adabu zetu kabla hazijaitwa ushamba. Anayemtoa humtembeza mbwa kwa miguu hadi kwa anayempokea, ili mbwa aione njia yote na ajue kwamba hakutupwa. Wakifika, mwenyeji humlisha kwa mkono kutoka sahani yake mwenyewe. Kuanzia hapo aliyemtoa halitamki tena jina lake. Na mbwa hafungwi hata siku moja. Akikaa, amekaa kwa kupenda kwake.

"Lakini ukimwonyesha njia ya kwenda umemwonyesha pia ya kurudi," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyo."

Nambari ya Gathogo ilikuwa haipatikani tangu zamani. Mulei hakuona kwamba hilo ni jambo la kumzuia. Aliahidiwa, na yeye ni mtu wa wakati ambapo ahadi haikuwa na mwisho wa mwezi. Aliondoka alfajiri na Simiti, viazi vitamu vilivyochemshwa mfukoni, akashuka hadi darajani na kuanza kuufuata mto Chania kuelekea juu.

Zamani ukingo wa mto ulikuwa wa kila mtu. Wenye mashamba walilima wakaacha nafasi chini, ng'ombe wapite, wanawake wateke maji, mgeni atembee kutoka Thika hadi baridi ya msituni bila kuomba ruhusa. Sasa njia ile ni vipande vipande. Mulei alipita katikati ya nduma zilizopandwa hadi majini, akaruka mipira ya pampu zinazonyonya mto, akapanda kuzunguka ua wa seng'enge, akashuka tena. Bonde lilipoanza kujifunga na kuta zake kusimama, alikuta ukuta wa mawe uliotoka mlimani na kuingia ndani ya maji yenyewe. Palikuwa na geti dogo la chuma, na mlinzi aliyekaa juu ya kreti ya soda.

"Mzee, hapa ni praiveti," mlinzi alisema.

"Mto pia?"

"Mto unapita tu. Wewe unataka kutembea."

"Napeleka mbwa kwa rafiki yangu."

"Kwa miguu? Huyo rafiki hana barabara?"

Mulei akamwambia barabara ipo, lakini mbwa hatapanda gari. Mlinzi akamtazama tena, akasikiliza yale maneno yalivyotoka mdomoni.

"Wewe ni wa wapi, mzee?"

"Chini ya Kilimambogo."

"Mimi ni wa Matuu. Naitwa Muoki." Akasimama na kufungua geti, akamwita baba kwa Kikamba. "Babu yangu alimtembeza mbwa hivyo, tukamcheka. Pita haraka, nau, na ushike upande wa majani marefu. Mwenye nyumba ana kamera, lakini haioni chini."

Huyo ndiye mtu pekee aliyezungumza naye njiani. Baada ya hapo bonde lilikuwa tupu. Nasema tupu, ingawa kila kipande kina mwenyewe. Pande zote mbili milima ilipanda wima, mikaratusi juu, kahawa iliyong'olewa, parachichi changa mahali pake, na chini mto ukipiga kelele juu ya mawe kiasi kwamba mtu hasikii hata nyayo zake. Simiti alitangulia, akasimama penye kona, akageuka kuhakikisha mzee yuko, akaendelea. Penye maporomoko madogo, mahali mto unapokatika na kujaza hewa ukungu, waliketi juu ya jiwe bapa. Mulei akatoa kiazi, akakikata vipande viwili kwa kidole gumba, nusu yake, nusu ya mbwa. Alikuwa amekata viazi hivyo kila mchana tangu Ruiru.

Jua lilipoanza kushuka walikuwa wamepanda hadi kahawa inapoisha na majani chai kuanza. Waruguru, mke wa Gathogo, alikuwa getini akikata majani ya ng'ombe. Alimtambua Mulei kabla Mulei hajamtambua yeye.

"Baba Wavinya," alisema, akaweka panga chini. "Umekuja sasa?"

"Nimekuja, Mama Gathoni. Mzee yuko?"

"Hukusikia?" Waruguru alimuuliza.

Gathogo alikuwa amezikwa msimu wa mahindi uliopita, nyuma ya nyumba, na majani yalikuwa yameshaota juu yake.

"Tulitangaza kwa redio," Waruguru alisema. "Siku mbili. Walisoma hata majina ya marafiki wa kazini. Wako lilisomwa."

"Redio gani?"

Akaitaja. Ni ile ya Kikuyu. Mulei husikiliza ya Kikamba. Akiwa kwenye korido hii hii, redio yake ikiwa gotini, jina lake lilitajwa kwa sauti katika redio nyingine na hakuna aliyelichukua kutoka mlango huo hadi mlango huu. Zamani msiba ulitumiwa mtu. Kijana alivaa viatu akatembea hadi kwako, akakataa kuketi mpaka aseme. Sasa tuna minara juu ya kila kilima, na kifo cha mtu hakiwezi kuvuka hadi kwa rafiki aliyekula naye sufuria moja.

Alipelekwa kuliona kaburi. Alisimama pale kofia mkononi, na Simiti akalala chini bila kuambiwa. Kisha akamweleza Waruguru kilichomleta.

"Basi mwache," mama huyo alisema. "Watoto wote wako Githurai na Nairobi, hapa ni ng'ombe na mimi. Nitamfunga wiki mbili azoee."

"Usimfunge."

"Atarudi."

"Akirudi nitamleta."

"Kutoka Thika? Kwa hiyo miguu?" Waruguru akatikisa kichwa. "Gathogo alisema wewe ni mgumu kama mti wa kwenu. Nikafikiri anakusifu."

Lakini alifanya vile alivyoambiwa. Jioni alimega ugali kutoka sahani yake, akauchovya kwenye mchuzi, akamlisha mbwa kwa mkono. Mulei alilala stoo pamoja na magunia, na asubuhi akateremka hadi barabarani kutafuta gari, bila kulitaja lile jina.

Hata wiki haikuisha. Nilikuwa napiga mswaki kwenye korido nilipomwona Simiti akipanda ngazi, polepole, matope hadi tumboni na miiba masikioni. Alipita mbele yangu bila kunisalimu, akalala mlangoni kwa Mulei. Byron alikuja nyuma yake na ndoo.

"Guka," aliita, "mzigo wako umerudi. Sijui alipewa nauli na nani."

Mulei alifungua mlango. Alijaribu kukunja uso, na uso ukakataa kukunjika. Alikaa sakafuni akaanza kutoa miiba mmoja mmoja. Kesho yake alfajiri walikuwa njiani tena.

Ikawa hivyo mwaka ule. Mbwa anakaa kwa Waruguru siku kadhaa, anashuka na mto, anapanda ngazi zetu. Mzee anamrudisha kwa miguu. Nilimgombeza. Nilimwambia gunia halimuui mbwa, bali mto utakuja kumuua yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina chumvi. Magoti yake yalivimba, na Wavinya alimfichia viatu Jumapili moja. Lakini nilianza kuona kwamba siku za kati, zile za kungoja, ndizo zilikuwa na uzito kwake. Hakuwasha redio. Alikaa ameelekeza sikio ngazini. Na mbwa akishafika, mzee alikuwa mtu mwingine, mwenye safari, mwenye kuchemsha viazi. Alikuja kunieleza habari za bondeni kana kwamba ni za ukoo wake: Muoki amepata mtoto wa kike, maporomoko yamejaa, Waruguru ameuza ndama na kumwekea uji. Mimi sina mahali pa kwenda wala wa kunirudia. Nilisikiliza.

Kisha mvua za masika zilipoisha, Byron alipanda tena, na safari hii hakupiga mluzi.

"Guka, landilodi alimpata kwa ngazi Jumamosi. Amesema akimwona tena atanunua nyama na aweke ile dawa. Amenipatia mimi hiyo kazi." Akajikuna shingo. "Mimi sitaki. Lakini nikikataa ataleta mwingine. Afadhali nikwambie."

"Umefanya vizuri kuniambia," Mulei alisema.

Safari hiyo ndiyo alinieleza kwa maneno machache kuliko zote. Walipita kwa Muoki. Wakala kiazi juu ya jiwe. Walipofika, Waruguru alitoa sahani yake kama desturi, na mbwa akala. Ndipo Mulei akaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaifungua upande mmoja na upande wa pili, akaileta.

"Wewe ulisema asifungwe," Waruguru alisema.

"Nilisema."

"Nipe, nitamfunga mimi. Wewe nenda ukalale."

Alikataa. Alisema kama ni jambo baya basi lisifanywe na mwanamke aliyemlisha mbwa vizuri. Alimfunga mwenyewe kwenye nguzo ya zizi, fundo la kahawa, lile walilofungia magunia zamani, lisilolegea kwa kuvutwa. Simiti hakubweka. Aliitazama ile mikono ikifanya kazi, kisha akalala chini, kichwa juu ya miguu, kama alivyolala kaburini kwa Gathogo. Mulei alisema afadhali angebweka.

Akarudi. Wiki zikapita, na ngazi hazikuleta kitu isipokuwa watoto wa shule. Kila mara alipenda kusema kwamba ni vizuri, mbwa yuko salama. Niliona hata hivyo kwamba ananing'iniza mkono kando ya kiti, mahali kichwa cha mbwa kilipokuwa, na mkono unakaa pale bila kazi. Byron alimletea siku moja mifupa ya kuku kutoka hotelini, akaikumbuka hali ilivyo, akasimama nayo kwenye karatasi bila kujua aipeleke wapi.

Baridi ya Julai ilipoanza kupungua, Mulei aliniambia anakwenda kuona. Nilimwambia apande gari, maana sasa hapeleki mbwa. Alisema njia anayoijua ni ile. Alichemsha viazi kama kawaida yake, akashuka kabla ya mapambazuko, na nikasikia fimbo yake ngazini hadi chini.

Alipofika juu jioni, ukungu ulikuwa umekaa kwenye majani chai, na geti lilikuwa wazi. Simiti alikuwa amelala katikati ya geti lile. Hapakuwa na kamba. Shingo yake ilikuwa imenenepa, manyoya yameota pale fundo lilipokuwa. Aliinua kichwa akamwona mzee. Mkia ukapiga chini mara moja, mara mbili, kama mtu anavyosalimia mpita njia anayemfahamu. Hakusimama.

Mulei alisimama barabarani. Jina lilikuwa mdomoni. Hakuna aliyekuwa akimsikia, na kama angelitamka nina hakika mbwa yule angekuja mbio na wangeshuka pamoja hadi kwenye ile nyama yenye dawa. Hakulitamka.

Waruguru alitoka na ndoo ya maziwa. "Mũgeni," alimwita mbwa, yaani mgeni, na mbwa akainuka mara hiyo akamfuata hadi zizini.

"Nilimfungua wiki ya pili," alimwambia Mulei wakinywa chai. "Nilisikia vibaya. Nikasema akienda, na aende, Baba Wavinya atamleta. Hakwenda popote. Alishuka hadi mtoni mara moja, nikamtazama. Alikaa pale akiangalia upande wa chini, kisha akarudi kula."

"Basi amekaa," Mulei alisema.

"Amekaa. Wewe si ndivyo ulitaka?"

"Ndivyo nilitaka."

Aliombwa akae na kesho yake, akasema Wavinya atamtafuta. Si kweli, Wavinya alikuwa zamu ya usiku wiki ile. Alilala stoo, na alfajiri akateremka na mto, peke yake, na hakuna aliyetangulia kumngoja penye kona. Penye jiwe bapa aliketi, akatoa kiazi, akakikata kwa kidole gumba kabla hajakumbuka.

Taa za korido zilikuwa zimewaka alipogonga kwangu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa huko. Alitoa mfukoni nusu ya kiazi, baridi, imeshika nyuzi za koti, akaninyooshea.

"Kula," alisema.

"Umeshiba wewe?"

"Yangu nimekula."

Nilikila nikiwa nimesimama mlangoni, naye akingoja nimalize. Kisha akasema tulale salama, akaenda kwake. Siku hizi, mchana, hukata kiazi vipande viwili, na mimi nimejifunza kuwa kwenye stuli yangu wakati huo.